Majani Mapana Kwenye Parseli ya Baridi

 Tuzungumze bustani za huku kwetu juu: Kirumba, Lubero, Butembo. Shamba la maharagi na la viazi tuliache kando. Nazungumzia ile nafasi ndogo iliyobaki kati ya mlango wa nyumba na njia, mita nne kwa sita, pengine chini ya hapo, ambayo wengi wetu tunatamani iwe na kitu cha kupumzisha macho.

Magari yanayopanda kutoka Beni yanaleta makemba, mawese na mbao. Juu ya mizigo hiyo, au miguuni mwa abiria, utaona pia miche ndani ya mifuko ya plastiki: masikio ya tembo yenye majani ya kumfunika mtoto, papai, migomba ya mapambo yenye jani jekundu. Mtu ameiona miche hiyo huko Beni, imesimama mbele ya nyumba ya ndugu yake, akaipenda, akanunua. Akifika Kirumba anaipanda mbele ya baraza, anaimwagilia, anaifurahia. Mwezi wa kwanza mmea unasimama vizuri. Baada ya hapo ukingo wa jani unaanza kuwa kahawia, jani jipya linatoka dogo kuliko lililotangulia, na linalofuata dogo zaidi. Mwenyewe anaanza kusema udongo umechoka, au jirani ana kijicho.

Udongo wa kwetu haukosi kitu hapo, na jirani tumwache na amani yake. Tatizo ni kupanda mlima. Beni iko kwenye mita 1,150 hivi juu ya usawa wa bahari. Butembo iko karibu 1,750, na Lubero inakaribia 2,000. Sisi wa Kirumba tuko mgongoni mwa milima hiyohiyo ya Mitumba, tunalitazama ziwa Edward likiwa chini mbali, kwenye mita 900 na kitu. Kwa kila mita 100 unazopanda, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 0.6. Kutoka Beni hadi Butembo, basi, mmea umepoteza nyuzi tatu na nusu kabla hata haujashushwa garini.

Asiyelima ataziona nyuzi tatu na nusu kuwa kitu kidogo, kwake ni koti tu. Kwa mgomba ni habari nyingine. Penye joto zuri mgomba hufungua jani jipya kila wiki au siku kumi. Huku juu unaweza kungoja wiki mbili, hata tatu, kwa jani moja. Na mgomba hautoi mkungu mpaka umekwisha kutoa majani kama 30 hadi 40. Piga hesabu mwenyewe: majani 35 kwa siku kumi kumi ni chini ya mwaka, majani hayohayo kwa siku kumi na nane yanakaribia miezi 21. Hewa ikishuka chini ya nyuzi 14 hivi, mgomba unasimama kabisa kukua na kungoja jua la kesho. Ndiyo sababu mkungu wa kijijini kwetu una subira kuliko wa Beni, na ndiyo sababu wakulima wa milimani tangu zamani hawakuhangaika sana na makemba. Walishika ile migomba ya milima inayostahimili, ya kupika na ya pombe ya kasiksi.

Sasa niingie kwenye jambo ninalotaka mlishike leo, kwa sababu linaeleza kila kitu kitakachofuata. Mwaka 2017 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioongozwa na Ian Wright wa Chuo Kikuu cha Macquarie, Australia. Yeye na wenzake walikusanya vipimo vya majani ya aina 7,670 za mimea kutoka pande zote za dunia, wakitafuta kwa nini sehemu fulani zina majani mapana na nyingine majani membamba. Maelezo yaliyozoeleka yalihusu mchana: jani pana likikosa maji ya kujipoza, jua huliunguza. Wao wakaonyesha kwamba katika sehemu nyingi za dunia kikomo kinawekwa na usiku. Jani pana likiwa chini ya anga tupu hutoa joto lake kuelekea juu usiku kucha, na kwa sababu ya upana wake limezungukwa na tabaka nene la hewa iliyotulia, kwa hiyo halirudishiwi joto haraka na hewa ya pembeni. Matokeo yake linakuwa baridi kuliko hewa yenyewe. Ukitaka ushahidi, gusa bati la nyumba yako alfajiri ya usiku usio na mawingu. Limelowa umande, na mvua haikunyesha. Bati limepoa kupita hewa, unyevu wa hewa ukageuka maji juu yake. Jani la mgomba linapata hayohayo, na tofauti yake na bati ni kwamba jani ni kiumbe hai.

Wenzetu wa Ulaya baridi huwajia kwa miezi kadhaa kisha ikaondoka. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, mstari wenyewe unapita kati ya Butembo na Lubero, kwa hiyo majira ya baridi hatuna. Baridi yetu huja kila usiku na kuondoka kila asubuhi, Januari sawa na Julai. Hatuhitaji kuvisha migomba majani makavu na magunia. Tunahitaji kuipa mahali pa kulala.

Kabla ya kununua mche wowote, toka nje usiku mmoja usio na mawingu, simama palepale unapotaka kupanda, tazama juu. Ukiona nyota tupu, jani nalo litaona nyota tupu. Ukiona ukingo wa paa, au matawi ya mwavokado, au ya mgrevilea, hapo pana kinga. Tawi lile huko juu linarudisha chini sehemu ya joto ambalo lingepotea. Halafu tazama ukuta. Ukuta wa matofali ya kuchoma unakunywa jua mchana na kulitoa taratibu usiku. Ukuta wa mbao hautunzi kitu. Mimea inayoogopa baridi ikae hatua moja kutoka kwenye matofali, upande unaopigwa na jua la asubuhi, kwa maana huku kwetu asubuhi mara nyingi kuko wazi na alasiri mawingu yanajaa. Jani linalopata jua saa moja na nusu asubuhi linaamka mapema. Lile linalongoja jua la saa nane huenda lisilipate kabisa.

Tena angalia mteremko. Hewa ya baridi ni nzito, usiku inateremka na kujikusanya bondeni. Anayekaa chini karibu na kijito ana usiku wa baridi kuliko jirani aliye katikati ya mteremko, hata kama wanaweza kuitana. Na ukijenga uzio mnene upande wa chini wa parseli, umeziba njia ya hewa hiyo, itajaa ndani ya ua wako. Uzio mnene uwe upande wa juu na ule wa upepo. Upande wa chini uache upenyo.

Upepo nao tuusemee kidogo. Jani la mgomba limeumbwa lipasuke kwenye mistari yake, na likichanika vipande mmea hauumii sana, unaendelea kufanya kazi. Macho ndiyo yanaumia. Mvua ya mawe ni mbaya zaidi, inatoboa magimbi na kuvunja matawi ya matunda-damu, zile pruni za Japani. Safu ya matete upande ule upepo unakotokea itasaidia, na majani yake ukayape mbuzi au kobayi.

Basi tupande nini? Hapa nina jambo linaloniuma. Tunashuka Beni kutafuta majani mapana wakati milima yetu wenyewe imezaa mmea wa majani mapana ambao wazungu wameutafuta kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini. Ni mgomba-mwitu, ule ambao wataalamu wanauita Ensete ventricosum. Huo ni mtu wa mlima hasa. Unaota kuanzia karibu mita 1,000 na unafika hata 3,000. Baridi ya Kirumba kwake ni nyumbani.

Uangalie kwa karibu siku ukiuona. Shina limevimba chini, linakonda kuelekea juu. Majani hayaachi shina refu tupu, yanaanza chini na kusimama wima yakielekea juu, kila moja linaweza kufika mita tano kwa urefu na karibu mita moja kwa upana. Geuza jani utazame mgongo wake: ule uti wa katikati mara nyingi ni mwekundu, na jua likipita nyuma yake jani zima linawaka. Hautoi machipukizi pembeni kama mgomba wa kawaida. Unasimama peke yake miaka kadhaa, unatoa ua moja kubwa linaloinama, unazaa vidole vyenye mbegu nyeusi ngumu na nyama kidogo sana, kisha unakufa. Mbegu zile watu wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki wamezitunga shanga.

Mskoti James Bruce aliuona mgomba huo huko Uhabeshi katika safari zake za miaka ya 1769 hadi 1772 na akauchora katika kitabu alichokitoa mwaka 1790. Mwaka 1853 balozi mdogo wa Uingereza kule Massawa alipeleka mbegu zake bustani ya Kew, London, na mimea ikakua hadi watu wakashangaa. Miaka ya 1860, Jean-Pierre Barillet-Deschamps huko Paris na John Gibson katika bustani ya Battersea, London, walianza kupanda majani mapana ya nchi za joto nje, katikati ya mji, migomba na kana, kwa miezi michache ya kiangazi, kisha kuing'oa na kuirudisha ndani ya nyumba za vioo kabla ya barafu. Mapenzi hayo hayajafa. Mwaka 1993 Christopher Lloyd, mwandishi mashuhuri wa mambo ya bustani, aling'oa mawaridi ya bustani ya familia yake kule Great Dixter, kusini mwa Uingereza, akaweka migomba, kana na majani mengine mapana, na wapenda mawaridi walikasirika kwelikweli. Ndugu zetu walioko Ubelgiji wakipita kwenye bustani za watu huko Julai na kuona mgomba-mwitu mwekundu katikati ya majani, wajue kwamba mwenye bustani ataubeba ndani Oktoba. Wa Kirumba hatahitaji kuubeba popote.

Wahabeshi wao hawakuuacha uwe pambo. Kusini mwa Ethiopia watu wanaokaribia milioni 20 wanautegemea kwa chakula. Tunda hawali. Wanakwangua shina na kuchimba tunguu, wanavundika unga wake shimoni kwa miezi, kisha wanaoka mkate wa kocho. Ni mmea unaoweza kungoja njaa: hauna msimu, unauvuna unapouhitaji.

Namna ya kuupata. Mbegu ni ngumu na ina uvivu. Ikwangue kidogo juu ya jiwe, iloweke siku moja au mbili, iweke kwenye kopo lenye udongo na samadi iliyooza, kisha kopo likae karibu na mekoni ambako kuna joto usiku na mchana. Nyingine zitaota baada ya wiki kadhaa, nyingine baada ya miezi. Msitupe udongo mapema. Njia ya pili ni ya Wahabeshi. Mmea wa miaka miwili au mitatu unakatwa karibu na ardhi, kile kiini cha katikati ya tunguu kinatobolewa na kutolewa, tunguu linafukiwa pamoja na samadi. Kwa kuwa limenyimwa ncha yake moja, linatoa machipukizi mengi pembeni. Ni maarifa ya wakulima waliotazama mmea wao kwa vizazi, na mimi nayaheshimu sana. Lakini tafadhali, msiende kuchimba ndani ya hifadhi ya Virunga, wala kwenye mlima wake wa Tshiabirimu. Ile hifadhi ipo tangu mwaka 1925 na imemegwa vya kutosha. Mbegu kumi za pembeni mwa shamba la mtu, kwa ruhusa yake, zinatosha kijiji kizima.

Wa pili ni gimbi, ambalo wengine huliita mateke. Najua mtasema hilo ni chakula cha bibi, si pambo. Kaa nalo asubuhi moja. Kabla jua halijapanda, kwenye ncha ya jani kunaning'inia tone la maji ambalo mmea wenyewe umelisukuma nje usiku, kwa kuwa mizizi ilikunywa kuliko jani lilivyoweza kupumua. Mimina maji juu ya jani: hayalowani, yanajikusanya tone moja na kuteleza, kwa sababu ya nta iliyofunika uso wake. Halafu angalia kikonyo kilipoungana na jani. Kikiwa kimeingia ndani kidogo, mbali na ule mpasuko wa ukingo, hilo ni gimbi letu la kale. Kikiungana palepale kwenye mpasuko, hilo ni lile lililotoka Amerika. Yote mawili yanakubali huku juu, na yote mawili yanawasha mdomo na mikono yakiwa mabichi kutokana na vijisindano vidogo vilivyomo. Yapikwe hadi yaive kabisa.

Mahali pa gimbi ni chini ya ukingo wa mabati. Paa letu linamwaga mstari wa maji palepale kila mvua, linachimba udongo na kurusha tope ukutani. Chimba mfereji mfupi kwenye mstari huo, ujaze mabaki ya jikoni na samadi ya kobayi, panda magimbi kila hatua moja. Jani linavunja nguvu ya matone, mizizi inashika udongo, ukuta unabaki safi, na paa lililo juu linazuia sehemu ya anga usiku. Sijaona mmea mwingine unaoifurahia nafasi hiyo mbaya namna ile.

Kana mnazijua, zile za maua mekundu na manjano kando ya njia za parokia. Chagueni zile za jani la zambarau, zinakaa vizuri nyuma ya magimbi. Matunda-damu, ambayo kwa Kifaransa tunayaita pruni za Japani ingawa yalitoka milima ya Andes huko Amerika, yana jani pana laini lenye umbo la moyo na yanapenda mwinuko wetu. Mizizi yake iko juujuu, yapeni kijiti cha kuegemea. Papai la Beni hapa litasimama, lakini tunda litakuwa dogo lisilo na sukari. Yupo ndugu yake, papai la mlimani, naye wa Andes, mwenye jani lililokatwakatwa vizuri sana na vijitunda vya manjano vyenye harufu nzuri vinavyopikwa na sukari. Huyo ndiye wa kutafutwa na wenye parseli za Lubero.

Penye chemchemi, au pale maji ya kuoga yanapotokea, kuna mmea wa kwetu ambao wachache wanaujali: Gunnera perpensa, wenye jani la mviringo lenye mikunjo, pana kuliko sahani kubwa. Unaota kwenye vijito vya milimani, Kivu hadi Ethiopia na Afrika Kusini. Ndani ya shina lake kumekaa vijidudu vya kijani vinavyochukua naitrojeni hewani na kuulisha, kwa hiyo haudai mbolea. Binamu yake wa Brazili, Gunnera manicata, ana jani la mita mbili, na wenye mashamba ya Cornwall huko Uingereza wanajivunia sana. Wa kwetu ni mdogo, na kwa parseli ya mita nne kwa sita udogo huo ni faida.

Kuna miwili ya kuogopa. Ile miti ya maua marefu yanayoning'inia chini, meupe au ya manjano, yenye harufu kali jioni, ina sumu kila sehemu: jani, ua, mbegu. Mbarika pia, mbegu zake chache zinaweza kumuua mtoto. Ni mimea mizuri yenye majani makubwa, na watu wanaipanda uzioni, lakini katika ua mdogo ambamo watoto wanachezea palepale, mimi siipandi.

Na mche wa mgomba, kutoka popote, uuchunguze kwanza. Mnyauko wa bakteria ulitambuliwa kwanza kwenye migomba-mwitu ya Ethiopia mwaka 1968, na tangu mwaka 2001 umekuwa mkoani kwetu, kuanzia Masisi. Unasafiri kwa panga, kwa wadudu wanaotembelea ua dume, na kwa miche inayotolewa zawadi. Usichukue chipukizi kwenye shamba ambalo jani linanyauka likiwa kijani au ndizi zinaiva kabla ya wakati huku ndani ni kahawia. Panga lipitishe motoni kila unapohama kutoka shina moja kwenda jingine. Ua dume litolewe kwa mkono, kwa kijiti chenye panda, mara vidole vya mwisho vinapojitokeza. Mgomba mmoja wa mapambo uliokuja na ugonjwa unaweza kumaliza migomba ya mtaa mzima, na watu wanakula kutokana na migomba hiyo.

Nasikia swali la baba mmoja hapo nyumbani: ardhi yenyewe haitutoshi, na wewe unatuambia tupande majani? Swali ni la haki. Milima yetu imejaa watu. Lakini rudi uangalie niliyoyataja. Gimbi linalika. Matunda-damu yanauzika sokoni. Jani la mgomba linafunika chungu na linafungia chakula cha safari. Kana ina tunguu ambalo watu wa Andes wanalipika. Kinachobadilika ni mahali na mpangilio tu. Na kuna la ziada kuhusu ukubwa. Wengi hudhani ua mdogo unadai mimea midogo, wakapanga vikopo ishirini vya maua madogo ukutani, na ua ukazidi kuonekana mdogo. Weka mgomba-mwitu mmoja karibu na kona, magimbi chini yake, kana nyuma. Jicho halioni tena ukuta wa mwisho uko wapi. Mtindo huu wa kumwaga saruji ua wote hadi langoni unanihuzunisha. Maji ya mvua yanakimbilia kwa jirani, na mchana hakuna kivuli cha mama kumenya viazi.

Kuna sababu nyingine ambayo sisi wa Kirumba tunaielewa. Mwishoni mwa Juni 2024 vita vilipofika Kanyabayonga na Kirumba, watu waliacha nyumba na kushika barabara ya Lubero na Butembo. Kikopo cha ua kinachotaka kumwagiliwa kila siku hakimngoji mtu aliyekimbia. Gimbi, kana na mgomba vina tunguu chini ya ardhi. Majani yakikatwa au kuliwa na mbuzi, vinaweza kuchipua tena mvua ikirudi. Nikichagua mimea ya parseli katika nchi yetu hii, nalihesabu hilo.

Mvua kubwa za nusu ya pili ya mwaka zinatukuta kuanzia Agosti na Septemba. Mwenye nia aanze mapema: achimbe shimo la nusu mita kila upande, alijaze majani makavu, majivu kidogo na samadi, aliache lioze wiki nne. Mche upandwe mvua ya kwanza ikishashika, jioni, ukae hatua moja kutoka ukutani. Na wale wenye migomba-mwitu kwenye miteremko ya Luotu, Masereka au Kyondo, ikizaa, wekeni mbegu kwenye bahasha mtuletee hapa redioni; tutazigawa bure kwa kila atakayekuja na kopo lake.